Mwanasaikolojia wa shule awajibike kwa nani?

Mzazi, Kisauni

Kumekuwa na mjadala hapa Mombasa kuhusu afya ya akili ya wanafunzi, baadhi wakitaka kila shule ya upili iwe na mwanasaikolojia wake, wengine wakishikilia kuwa mwalimu wa ushauri nasaha anatosha mradi aongezewe mafunzo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimelipita swali lililo zito zaidi: mtu huyo atawajibika kwa nani?

Mwalimu wa ushauri nasaha simlaumu. Ana vipindi vyake vya Kemia au Historia, ana madaftari ya kusahihisha, na mara nyingi ofisi yake ni meza tu katika chumba cha walimu, ambamo mwanafunzi akiingia macho yamemwiva, wote washajua kuna jambo. Isitoshe, huenda mwalimu huyo huyo ni mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mtoto aliyemweleza Jumatatu kuwa kakake humtuma kupeleka unga (na sisemi unga wa ngano) atamkuta Ijumaa miongoni mwa wanaoamua iwapo asimamishwe masomo. Mtoto gani atafungua kinywa?

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaofanya kazi hii wafunzwe, wasajiliwe na wapewe leseni. Kuteuliwa katika mkutano wa walimu si mojawapo ya masharti hayo. Nayo Katiba ya 2010 imeziacha shule za msingi na za upili kwa serikali ya kitaifa, huku hospitali za kaunti na zahanati zikiwa mikononi mwa kaunti. Napendekeza basi wanasaikolojia waajiriwe na idara ya afya ya kaunti, wagawiwe shule, na faili zao zisilale shuleni. Mwanafunzi aliyezidiwa ataelekezwa hospitali ya Port Reitz, ambako huduma za afya ya akili zipo, bila kupitia kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu, Likoni

Mama, hoja ya siri naikubali, lakini mtu anayekuja siku moja kwa wiki atamjuaje mtoto? Mimi huona mwandiko ukivurugika, huona nani ameacha kula na wenzake, na shida haingojei zamu ya mgeni kuvuka feri. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na hata huko maeneo mengi hayajafikia kiwango hicho. Kaunti ambayo wahudumu wake wa afya hugoma kudai mishahara itaweza? Afadhali mwalimu apunguziwe vipindi, aondolewe kwenye kamati ya nidhamu na apewe chumba chenye mlango unaofungika.

Ustadhi wa madrasa, Mji wa Kale

Nyote mwazungumzia shule za upili, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema thuluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Watoto hao wako kwetu jioni. Wazazi wengi wakiona mtoto amebadilika, husema ameingiwa na jini, humleta asomewe. Namsomea, na huyo mtaalamu akija akalicheka jambo hilo, mzazi hatamrudia; akija kwa adabu, mimi mwenyewe nitampelekea watoto.

Mzazi, Kisauni

Ustadhi, umenizindua: tuanzie sekondari msingi. Maalim, kumtoa mwalimu kwenye kamati ya nidhamu naunga mkono kuanzia kesho, kwa kuwa hakuhitaji bajeti. Jicho la mwalimu sitaki lipotee. Ninachopinga ni maelezo ya mtoto kubaki katika kabati ambalo mkuu wa shule ana ufunguo wake. Mwalimu aone, amwelekeze mtoto kwa mtaalamu, na barua ya kumwelekeza iwe na jina na tarehe pekee. Sababu mtoto ataieleza mwenyewe.