Mjadala: Je, ni haki kumlipa mtu mwenye afya njema ameze dawa mpya ya VVU isiyomtibu chochote?

Mtoa hoja

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana kila linapozuka huishia kwenye kilio kwamba watu wanageuzwa panya wa maabara, na hoja zenyewe hazijadiliwi. Katika awamu ya kwanza ya majaribio, dawa mpya hupewa watu wachache, mara nyingi makumi machache tu, wasio na VVU wala ugonjwa mwingine unaojulikana. Hakuna anayetafuta kujua kama dawa hiyo inatibu. Kinachotafutwa ni namna mwili unavyoipokea, muda inaokaa kwenye damu, na kipimo ambacho madhara yanaanzia. Mshiriki hulipwa kwa muda na usumbufu wake. Swali langu ni kama malipo hayo na hatari hiyo vinaweza kukaa pamoja kwa haki.

Mimi ninaamini vinaweza, tena ninaamini kwamba kwa dawa za VVU tungefanya vibaya zaidi kama tungeanza na wagonjwa. Zidovudini, dawa ya VVU iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kwa sababu walikuwa wakifa na hapakuwa na kingine cha kuwapa. Leo mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri anaishi maisha marefu. Ukimsimamishia dawa hizo ili ajaribu kipimo kidogo cha dawa mpya peke yake, unawapa virusi nafasi ya kujenga usugu, na usugu huo unaweza kumfungia mlango wa dawa nyingine ambazo angezihitaji baadaye. Ukimwachia dawa zake na kumwongezea mpya, ini likianza kulalamika hutajua umlaumu nani.

Kuna sababu nyingine ambayo sisikii ikitajwa. Mwili wenye kinga kamili unaweza kuumizwa na dawa ambayo mwili uliodhoofika uliivumilia. Nevirapini, dawa nyingine ya VVU, ndiyo iliyotufundisha hilo kwa uchungu. Mwaka 2001 ilitolewa tahadhari nchini Marekani baada ya watu waliopewa dawa hiyo kama kinga, kwa kuwa walikuwa wamekutana na hatari ya kuambukizwa kazini au kwingineko, kupata madhara makubwa, na mhudumu mmoja wa afya aliharibika ini kiasi cha kuhitaji kupandikizwa jingine. Baadaye ikawekwa wazi kwamba nevirapini isianzishwe kwa wanawake wenye CD4 (hesabu ya seli za kinga kwenye damu) zaidi ya 250 wala kwa wanaume wenye zaidi ya 400, isipokuwa pale faida inapozidi hatari. Sasa kwa kuwa dawa nyingi mpya zinakusudiwa pia kuwakinga watu wasio na VVU, ni nani atakayetueleza usalama wake kama si mtu asiye na VVU?

Nitaje na tukio la mwaka 2005. Watu wenye afya walipewa sakwinaviri na ritonaviri, dawa za VVU, pamoja na rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Kati ya 28 waliotumia mchanganyiko huo, 11 walipata madhara makubwa ya ini, na utafiti ukasitishwa. Madaktari walionywa wasizichanganye tena. Tukikumbuka jinsi kifua kikuu na VVU vinavyoandamana, hebu tufikirie wagonjwa ambao wangeandikiwa mchanganyiko ule kwa nia njema kabisa, wengi wao wakiwa mbali na maabara yoyote ya kupima ini. Wale 11 waliumia, na kuumia kwao kuliwaepusha wengine wasiohesabika. Ndiyo maana naona kuwalipa ni jambo dogo kuliko tunavyodhani, na kuwatunza baada ya kuumia ni jambo kubwa kuliko tunavyolisema.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana na mtoa hoja kwa sehemu kubwa, lakini nimefanya uuguzi kwa miaka kadhaa katika kitengo cha majaribio ya aina hii, na naona amelipita haraka suala la fedha.

Siku ya dozi ya kwanza mshiriki huwekewa kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, mkononi alfajiri, kabla hajala. Anameza kidonge mbele yangu, kisha ninamwomba afungue kinywa, ainue ulimi, nami ninamulika kwa tochi kuhakikisha kimeshuka. Damu huchukuliwa kabla ya dozi, kisha baada ya dakika 15, dakika 30, saa 1, saa 2, na kuendelea hadi usiku. Ninampima shinikizo la damu na umeme wa moyo, na kila mara ninamuuliza swali lile lile: unajisikiaje? Vipimo vyote vile vina mashine, isipokuwa hilo swali. Jibu lake linategemea ukweli wa mtu.

Mshiriki mmoja aliniambia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, akiwa ameshashika mkoba wake, kwamba kichwa kilikuwa kimemuuma vibaya usiku wa siku tatu mfululizo. Nilipomuuliza kwa nini alinijibu "salama" kila asubuhi, alisema aliogopa kuondolewa kabla ya malipo ya mwisho, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imewekwa kwa wale tu watakaomaliza. Nilirudi kwenye jalada lake nikarekebisha, lakini dozi za siku zile zilikuwa zimeshamezwa, na kundi lililofuata lilikuwa limepangiwa kipimo cha juu zaidi kwa kutegemea jalada lililosema hakuna shida.

Hapo ndipo fedha inapodhuru. Kiasi cha malipo hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba yalimpa mtu sababu ya kunyamaza. Mshiriki alipwe kwa kila siku aliyokaa, na anayetolewa kwa sababu ya madhara alipwe yote aliyoahidiwa, kana kwamba amemaliza. Vilevile pawepo daftari la pamoja la washiriki, kama Ufaransa ilivyofanya, ili mtu asitoke kwenye jaribio moja akaingia jingine kabla dawa ya kwanza haijaisha mwilini.

Mchangiaji wa pili

Mimi ninapinga, na ninapinga nikiwa nimewasoma nyote wawili kwa makini. Mnazungumzia namna ya kulipa kana kwamba kila aliyekaa kwenye kile kitanda alikuwa na njia nyingine ya kupata fedha hiyo. Mtu mwenye kazi ya uhakika haachi nyumba yake wiki mbili ili atobolewe mshipa. Anayeacha ni yule anayedaiwa. Ridhaa yake ni ya kweli, sikatai, lakini ni ridhaa ya mtu aliyebanwa.

Tena mnataja ini pekee. Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park jijini London, wanaume sita wenye afya walipewa TGN1412, ambayo haikuwa dawa ya VVU, kwa kipimo kilichokuwa sehemu 1 ya 500 ya kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Walichomwa mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache tu kati yao, hivyo wa kwanza alipoanza kutetemeka wenzake walikuwa wameshaingiziwa dawa. Wote sita viungo vyao vya ndani vilianza kushindwa kufanya kazi. Waliponea chupuchupu. Januari 2016, mjini Rennes nchini Ufaransa, mshiriki mmoja wa jaribio la dawa mpya iitwayo BIA 10-2474 alifariki na wengine wakalazwa. Mnawaambia nini watu hao kuhusu malipo ya kila siku?

Mtoa hoja

Dada muuguzi, nimekubali. Hoja yako ya malipo ya kumalizia imenibadilisha, nami naiongeza kwenye msimamo wangu: hakuna fedha inayotolewa kwa kumaliza tu.

Kwa ndugu aliyepinga, sitajaribu kuyapunguza uliyoyasema. Baada ya London, miongozo ya Ulaya ilibadilishwa mwaka 2007, na utaratibu wa kumpa mtu mmoja kwanza, kisha kusubiri kabla ya kumgusa wa pili, ukapewa uzito. Lakini Rennes imetokea baada ya miongozo hiyo kuwapo, ndiyo maana inanisumbua zaidi. Mshiriki wa kwanza alipelekwa hospitali jioni ya tarehe 10 Januari. Asubuhi ya tarehe 11, wenzake watano walipewa dozi yao kama kawaida. Wakaguzi wa serikali walieleza wazi kwamba washiriki wale hawakuelezwa ipasavyo hali ya mwenzao ili waamue upya kama wanaendelea.

Umesema ridhaa ya maskini ni ya mtu aliyebanwa. Nadhani ni kweli mara nyingi, ingawa sioni kwamba tunamsaidia kwa kumfungia mlango na kumwacha na deni lake. Ila ridhaa ya wale watano haikuvunjwa na umaskini. Ilivunjwa na mtu aliyejua jambo asubuhi ile na hakulisema. Kosa la namna hiyo linaweza kuandikiwa sharti kabla jaribio halijaanza, sawa na fidia: Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, tangu marekebisho ya 2013, linataka anayeumia kwa kushiriki ahakikishiwe matibabu na fidia inayofaa, lakini nimesoma fomu za ridhaa zinazoahidi "matibabu ya haraka" na kukoma hapo, bila kusema mtu atatibiwa hadi lini wala kama ni yeye atakayelazimika kuthibitisha uzembe.

Kwa hiyo nawaomba wenzetu wanaoketi kwenye kamati za maadili ya utafiti watujibu hapa. Katika jaribio mlilolipitisha mara ya mwisho, mshiriki mmoja akipelekwa hospitali usiku, ni nani mwenye wajibu wa kuwaambia wengine, na fomu inasema awaambie kabla ya dozi ipi?