Mashine ya nyasi: nibaki na petroli au nihamie betri? Uwanja robo eka, Ohio

Baba_Neema
Wadau habari za leo. Niko Columbus, Ohio, nyumba tumehamia mwaka juzi, uwanja kama robo eka hivi, mbele tambarare, nyuma kuna kamteremko kanashuka mpaka kwenye uzio. Nilinunua mashine ya petroli ya mtumba kwa jirani aliyekuwa anahama, msimu wa kwanza ikapiga kazi vizuri tu, kosa langu nikaiacha gereji baridi yote na petroli ndani ya tangi, kufika mwezi wa 4 navuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki. Fundi akafungua kabureta akanionyesha uchafu mle ndani kama jamu iliyoganda, akasafisha nikalipa. Mwaka huu yale yale. Saa hizi nyasi zinakaribia magoti na barua ya wale jamaa wa HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa, ishaingia sandukuni.

Mke anasema tununue ya betri yaishe. Mi wasiwasi wangu ni kwamba betri itakufa baada ya miaka miwili nibaki na plastiki. Na bado nahitaji trima ya pembeni na blowa ya majani, maana kuna mti wa mepo hapa mwezi wa 10 unamwaga kama umeambiwa. Aliyetumia zote mbili anipe ukweli, matangazo nishayaona.

chipsi_mayai
Nunua mbuzi wawili mkuu, hawana kabureta na krismasi unachinja

Kipara_Houston
Mimi nilihama 2021 na sirudi. Shida ya hizo mashine si injini, ni petroli yenyewe, huku karibu kila stesheni wanakuuzia iliyochanganywa ethanoli 10%, hiyo kitu ikikaa miezi inavuta unyevu na inaacha gundi kwa vitundu vya kabureta. Ukimaliza msimu unafaa kumwaga tangi, au uweke ile dawa ya kutunza mafuta halafu uiwashe dakika chache dawa ifike mpaka kwa kabureta. Sasa nani anakumbuka hiyo mwezi wa 11?

Lakini na mimi nikuambie ukweli wa Houston. Mwezi wa 7 na wa 8 betri inatoka imechemka, ukiichomeka kwa chaja inakataa kuchaji mpaka ipoe, kwa hivyo unakaa kwa kivuli unaingojea kama mgonjwa kwa foleni. Nyasi yangu ni bermuda, ule ule ukoka wetu wa nyumbani, nikikata kila wiki betri moja inamaliza uwanja na inabaki, nikiruka wiki mbili na mvua imenyesha inazima katikati ya kazi. Mashine ya petroli itakusamehe uvivu, hii haikusamehi.

Mzee_Sacramento
Mimi hii ndiyo kazi yangu, nyumba kumi hadi kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo yangu chukueni kama ya mtu anayekula kwa hizi mashine, si ya mwenye nyumba.

Huku California gavana Newsom alisaini sheria AB 1346 mwezi wa 10 mwaka 2021, na injini ndogo mpya zinazouzwa kuanzia modeli ya 2024 zinatakiwa zisitoe moshi kabisa, jenereta ndiyo wakaongezewa muda. Watu wakasikia vibaya wakadhani askari watakuja kuchukua mashine gereji. Hapana, ya zamani unatumia mpaka ife. Washington DC ndiyo wamekaza zaidi, blowa ya petroli hata kuitumia marufuku tangu tarehe 1 Januari 2022. Na Honda wenyewe waliacha kutengeneza mashine za nyasi za petroli kwa soko la Marekani 2023. Ninayo mashine yao moja, HRX, naitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Mi nimegawa hivi: trima na blowa nimehamia betri, mashine kubwa ya kukatia bado petroli. Trima sijutii hata kidogo, haina kuchanganya oili, haitetemeshi mikono mpaka jioni unashindwa kushika kikombe. Blowa wateja ndio walionilazimisha, watu wanafanyia kazi nyumbani siku hizi hawataki zile kelele, na moshi wa tustroki, zile injini za petroli na oili pamoja, mnaujua wenyewe. Idara ya hewa ya jimbo hapa inasema saa moja ya blowa ya petroli inachafua hewa sawa na kuendesha Toyota Camry maili 1,100, yaani kama kutoka Los Angeles mpaka Denver. Nilipoisoma mara ya kwanza nikacheka, kisha nikakumbuka miaka niliyoivaa mgongoni.

Ila blowa inakula betri kuliko kitu chochote. Ukiibana turbo, ile nguvu ya mwisho, betri ya 5Ah (ampea-saa) dakika ishirini huzioni. Mimi natembea na betri sita kwenye gari, mwenye kiwanja cha robo eka haimhusu hiyo, wewe Baba Neema ungekuwa mwanangu ningekwambia nenda betri kesho asubuhi.

FundiAmpea
Naomba niongeze maana watu hupenda kubishana majina ya kampuni. Hapo kinachonunuliwa ni betri, mashine ni mwili tu. Ukishachagua betri ya kampuni moja umeoa ukoo mzima, trima, blowa, chenso, vyote vitatoka kwao maana betri haziingiliani. Kwa hiyo usiangalie mashine ya nyasi peke yake, piga hesabu ya vyote vitatu.

Voti peke yake isikudanganye. Zidisha voti kwa Ah upate wati-saa, hilo ndilo tangi lako la mafuta. EGO ya voti 56 yenye 5Ah ni 280, yenye 7.5Ah ni 420. Ryobi ya voti 40 yenye 6Ah ni 240. Na zile zimeandikwa 20V Max za DeWalt ni seli tano kama za wenzao wa voti 18, hiyo 20 ni pale tu imetoka kwenye chaja ikiwa haijaanza kazi. Sio wizi, ni uandishi wa biashara.

Kuhusu betri kufa: inayouawa ni nyingi kuliko inayokufa. Usiichaji ikiwa na baridi ya chini ya sifuri ya Selsiasi, na Ohio hiyo baridi mnayo, kwa hiyo mwezi wa 11 iingize ndani ya nyumba, iache karibu nusu, usiiache imejaa wala imekauka. Juani ndani ya gari usiisahau. Ya kwangu ya kwanza ilikufa msimu wa tatu kwa sababu niliiacha kwenye kibanda cha bati kiangazi chote, waranti nilikuwa nimetupa risiti, nikaangalia bei ya mpya nikakuta inazidi nusu ya mashine nzima. Hapo nilikaa kimya siku mbili.

Mama_Bustani_Arusha
Hamjambo jamani, mimi niko Usa River, natunza bustani ya nyumba za wageni. Kaka yangu aliyeko Texas kwa mapenzi yake akaniletea trima ya betri kwenye begi. Cha kwanza, betri wakamtolea uwanja wa ndege, kumbe kwenye ndege ya abiria betri ikizidi wati-saa 160 haipandi, na kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali. Akaagiza ndogo kwa njia nyingine. Cha pili, chaja ilikuwa ya kwao ya voti 120, kijana wangu akaichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa 230, ikalia paa, moshi, kwisha habari. Kwa hiyo mnaotuma vitu nyumbani someni nyuma ya chaja kwanza!!

Sasa hivi nimerudi kwenye mashine ya kufyekea ya petroli, lita moja naweka oili mililita 40 maana hii yangu inataka 25 kwa 1, kijana anabeba mgongoni anamaliza eka yote. Umeme kukatika si tatizo sana kama watu wanavyosema, unachaji ukiwepo, na betri moja haili hata nusu yuniti ya luku. Tatizo langu ni kwamba ikiharibika hapa hakuna wa kuifungua, wakati kabureta kila mtaa yupo anayeijua. Karibu na madirisha ya wageni asubuhi bado tunatumia fyekeo, hilo halina kelele wala chaja.

Kipara_Houston
@Mama_Bustani_Arusha pole dada, hiyo ya chaja imenipata pia, Nairobi, 2019. Sikuwahi kumwambia mtu 😂

dada_wa_Minneapolis
Mwenye mteremko angalia uzito na kama inajisukuma yenyewe. Yangu ya kusukuma kwa mkono ni nyepesi naipandisha bila shida, ya mume wa rafiki yangu inajisukuma ila ukipandisha kilima na nyasi ndefu unaona taa za betri zinashuka moja moja kama ngazi. Na usikate zikiwa mbichi na umande, zinaganda chini ya mashine na kisu kinafanya kazi mara mbili.

Baba_Neema
Mzee Sacramento shikamoo, na wote ahsanteni. Mrejesho: nimechukua ya voti 56 yenye betri ya 7.5Ah, inajisukuma, na blowa ya ukoo huo huo bila betri, trima nitanunua msimu mwingine. Mara ya kwanza kwa zile nyasi za magotini betri ilizima nimebakiza ule mteremko wote, nikaichaji nikamalizia jioni. Jumamosi iliyofuata nilimaliza mbele na nyuma na ikabaki taa mbili. Ya petroli niliiweka barabarani na karatasi ya bure, haikulala.

Swali moja limebaki, kisu mnanoa wapi? Naona ncha za nyasi zinakuwa za kahawia kama zimechanwa badala ya kukatwa.

FundiAmpea
Hiyo ni kisu butu, na kisu butu kinakunywa betri. Tupa ya kunolea, ile bapa ya kawaida, inatosha, noa kwa mwelekeo uleule wa makali ya kiwandani, pande zote mbili sawasawa, kisha kining'inize kwenye msumari katikati uone kama kinalala upande mmoja. Lakini kabla hujaigeuza hiyo mashine TOA BETRI. Ya petroli tulikuwa tunachomoa waya wa plagi, hii watu wanasahau kwa kuwa iko kimya.