Ulinganisho: chipu ya mawimbi ya sauti au sentrifuji ya kasi kubwa kwa kutenga eksosomu?

Mtafiti_Ngara: Wanajukwaa, habari za leo. Maabara yetu hapa Nairobi inakusudia kununua kifaa cha kutenga eksosomu (vijifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli) kutoka kwenye damu kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwezi Juni, nasi tunasitasita kati ya sentrifuji ya kasi kubwa, yaani mashine inayozungusha sampuli, na chipu, kibamba chenye mifereji myembamba, inayotumia mawimbi ya sauti. Tuchukue ipi?

Bi_Maabara: Ndugu, hujatueleza mambo ya msingi. Je, ni damu nzima, plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) au seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda)? Kila sampuli ina mililita ngapi, na mnatafuta RNA (molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni) au protini? Bila hayo, kila atakayekujibu atakuwa anapigia debe kifaa chake.

Fizikia_Kwanza: Mimi naunga mkono chipu. Mwaka 2017 kundi la Tony Jun Huang wa Chuo Kikuu cha Duke lilionyesha kwamba damu nzima inaweza kupitishwa katika hatua mbili, ya kwanza ikiondoa seli na ya pili ikitenga eksosomu na vijifuko vilivyo vikubwa zaidi. Msukumo wa wimbi hutegemea ujazo wa chembe: kipenyo kikipungua kwa nusu, msukumo hubaki thumuni tu. Ndiyo maana seli husukumwa kando, ilhali eksosomu, zenye nanomita 30 hadi 150, huendelea na mkondo.

Mzee_Sentrifuji: Nadharia hiyo naikubali, lakini sikilizeni yaliyotupata. Washirika wetu walituazima chipu ya aina hiyo. Kiputo cha hewa, kisichoonekana ila kwa hadubini, kilikwama mlangoni mwa mfereji, mtiririko ukayumba, na chembe nyekundu zikaanza kuingia upande wa eksosomu. Nguvu ya umeme ilipoongezwa ili wimbi lisukume zaidi, kibamba cha lithiamu niobati, fuwele inayozalisha wimbi hilo, kilipata joto na kupasuka ukingo hadi ukingo, plazma ya mgonjwa ikaishia mezani. Kipuri hakikupatikana nchini. Sentrifuji ya g 100,000 (mara 100,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) huchukua saa nyingi, lakini fundi wake yupo hapa mjini.

Bi_Maabara: Na umeme ukikatika katikati ya mzunguko, mzee wangu? Mashapo yenye eksosomu chini ya mrija hulegea, kazi ikaanza upya. Tena kasi hiyo huweza kuzishikamanisha eksosomu zenyewe. Kwa sampuli ndogo mimi ningenunua safu za jeli, mirija inayochuja kwa ukubwa, ambazo huondoa albumini, protini iliyo nyingi zaidi katika plazma, vizuri bila umeme wowote.

Fizikia_Kwanza: Safu hizo hupitisha lipoproteini, yaani chembe zinazobeba mafuta katika damu, zinazolingana na eksosomu kwa ukubwa. Wimbi huzitofautisha, kwa sababu mafuta huvutwa upande ulio kinyume na ule wa vijifuko.

Mtafiti_Ngara: Asanteni sana. Ni plazma ya wajawazito, mililita moja kwa kila mama, na tunatafuta RNA. Damu ilichukuliwa kwa mirija ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Bi_Maabara: Heparini huzuia PCR, mbinu ya kunakili vinasaba ili RNA ipimike! Suala la kifaa lisubiri kwanza; hamieni mirija ya EDTA au sitrati, ambazo nazo huzuia damu kuganda.

Mzee_Sentrifuji: Si lazima sampuli zilizopo zitupwe, kwa maana kimeng'enya cha heparinasi, kinachovunjavunja heparini, huweza kuziokoa.

Bi_Maabara: Kwa gharama ya nani, na kwa sampuli ngapi? Mtafiti, tuambie kwanza ni ngapi zilizokwisha kugandishwa.