Diski za PS1 na PS2: kuchoma kopi, kutoa faili, au kuchezea kwenye hadi diski?

ChumbageniBoy
Wakuu, salaam. Nina diski orijino kama 60 za PS1 na PS2, nyingi kaniachia braza aliyekuwa na kibanda cha gemu hapa Tanga. Nyingine safi, nyingine zina mikwaruzo, na mbili zimeanza kuota madoa upande wa picha. Hewa ya bahari mnaijua. Sitaki zinifie kabatini.

Njia ninazoziona: kuchoma kila moja kwenye CD au DVD tupu, kutoa faili na kuziweka kwenye hadi diski, au kuifanya PS2 icheze kutoka hadi diski na orijino nizifungie. Mashine ni PS2 nene (ile kubwa ya mwanzo), haina chipu ya kuifanya icheze kopi. Mwenye uzoefu anisaidie.

FundiLenzi
Mkuu, kama mashine haina chipu, kuchoma ni kujichosha. PS1 ukiiwasha, kitu cha kwanza inatafuta ni alama iliyopo mwanzoni mwa diski. Kiwandani ule mstari wa data umechongwa ukiyumbayumba kidogo, na ndani ya huko kuyumba kuna herufi nne za eneo: SCEI ni Japani, SCEA ni Marekani, SCEE ni Ulaya, ndizo nyingi zilizotufikia huku. Raita ya kompyuta haiwezi kuyumbisha mstari hivyo. Data utanakili yote, hizo herufi hazitakuja. Kazi ya chipu ilikuwa kuzitamka badala ya diski, basi. Na PS2 nayo ina ukaguzi wake, kopi kavukavu haikubali.

Halafu lenzi iliyochoka hugoma na kopi kabla ya orijino. Nimefungua mashine za kutosha, hilo sibishani na mtu.

MwanaKisauni
Mimi nabishana nawe, fundi. Nina kopi nilizozichoma 2006 hapa Mombasa na mpaka leo zasoma. Siri ni diski tupu nzuri, kuchoma pole pole, na kuziweka gizani. Zile za bei ya karanga ndizo zilizobambuka kama ngozi ya nyoka. Na siku hizi si lazima chipu: kuna FreeMcBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi na kuifanya PS2 ifungue programu nyingine; ukiongeza programu ya ESR, DVD ya kuchoma yacheza.

FundiLenzi
Yacheza, ndiyo, ila faili la DVD lazima ulitie kiraka (badiliko dogo) cha ESR kabla ya kuchoma. Na CD za PS1 je? ESR haizigusi. Jamaa ana mchanganyiko.

dogo_wa_keko
Mnajitesa. Gemu zote zipo mtandaoni, pakua ulale.

BintiMakorora
Dogo, mtu ana diski yake mkononi, akapakue faili lililochezewa na asiyemjua? Nyingi za huko zimekatwa video au kutiwa viraka ili zienee mahali fulani.

ChumbageniBoy, hawa wanabishania kopi ya kuchezea, wewe umeuliza namna ya kutopoteza. Anza na faili, mengine baadaye.

DVD za PS2 ni kazi nyepesi. Raita yoyote ya DVD inazisoma, programu ya ImgBurn inatoa ISO, yaani faili moja lenye data ya diski, umemaliza. Zenye tumbo la bluu ni CD, hizo zichukulie kama za PS1. Kwenye PS1 ndiko watu wanakoharibu. Sekta ya CD, yaani kipande kimoja cha data, ina baiti 2352, na ISO inachukua 2048 tu, tena nyimbo zilizorekodiwa kama CD ya muziki zinaachwa nje. Jaribu Ridge Racer kwa ISO: gari linakwenda, muziki hakuna. Kwa hiyo toa BIN (data yote ghafi) na CUE (ramani yake), siyo ISO. Na matoleo ya Ulaya ya baadhi ya gemu, Crash Team Racing mojawapo, yana kinga iitwayo LibCrypt. Imefichwa kwenye sabchaneli, ile data ya pembeni ya CD, na BIN ya kawaida haiibebi. Gemu inawaka vizuri, inakuja kukukwamisha mbele ya safari. Hizo zitoe kwa programu ya redumper au DiscImageCreator.

Kila faili ukilitoa, chukua SHA-1 yake (namba kama alama ya kidole ya faili) ulinganishe na orodha ya Redump, tovuti inayoweka namba za diski zilizotolewa sawasawa. Ikilingana, kila baiti ipo. Mkwaruzo ukiwa umekula hata sekta moja, haitalingana, na utajua leo wakati diski bado inaweza kusafishwa. Mimi hapo ndipo kura yangu ilipo.

MwanaKisauni
Hapo kwa SHA-1 nimekubali, dada. Kopi zangu zasoma, lakini sijawahi kuzilinganisha na kitu.

FundiLenzi
Nyongeza kuhusu madoa. Kwenye CD, tabaka la data liko juu kabisa, chini ya rangi ya picha, limekingwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa chini unang'arishika. Uliotoboa upande wa picha umeondoka na data yake. DVD imebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, ina nafuu. Kwa hiyo anza na CD za PS1 zenye madoa, leo hii. Na dawa ya mswaki iache mswakini.

Kuhusu kucheza: PS2 nene ni bahati yako. Tafuta adapta ya mtandao inayofungwa nyuma, chomeka hadi diski ya IDE (aina ile ya zamani), tumia Open PS2 Loader, programu ya kucheza gemu kutoka hadi diski. Flashi usihangaike nayo, USB ya PS2 ni ile 1.1, video zitakwama, na flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 mpaka ulikate vipande. Gran Turismo 4 ni DVD ya tabaka mbili, hiyo usiiwazie kabisa.

ChumbageniBoy
Nimerudi baada ya wiki tatu. Diski 61, zilizolingana na Redump ni 52. Nne zililingana baada ya kuoshwa kwa maji na sabuni na kurudiwa kwenye raita nyingine (hilo la raita nyingine hamkunitajia!). Tano zimegoma, mojawapo ni kati ya zile mbili zenye madoa. Faili ziko kwenye hadi diski mbili, moja kwa dada yangu Korogwe. Kuchoma nimeachana nako. Adapta bado naisaka.

Swali la mwisho. Kuna memori kadi ya braza, MB 8, ina ligi ya PES 6, gemu ya mpira, aliyokuwa anaicheza na wateja. Hiyo nayo inatoleka?

BintiMakorora
Inatoleka. Ukishapata kadi ya FreeMcBoot, fungua uLaunchELF (programu ya kunakili faili ndani ya PS2), chomeka flashi, ingia kwenye kadi ya braza, nakili folda la PES kwenda flashi. Faili za kadi ni ndogo, USB 1.1 inatosha. Ifanye kabla ya kuwasha PES ukiwa na kadi hiyo, usije ukaseva juu yake.