Tawi la mwembe halipasuki, Y yangu ya bolti imepasuka. Kwa nini?

Seremala_wa_Bwagamoyo: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nimejenga banda la karakana, paa la makuti. Katikati nimesimamisha nguzo za mkaratusi zenye mikono miwili, kama herufi Y. Mikono nimeikata mshazari, nikatoboa kwa keekee, nikabana kwa bolti za milimita 12. Masika hayajaisha, nguzo mbili zina ufa, na ufa umeanzia kwenye tundu la bolti! Nje kuna mwembe, watoto wanabembea kwenye tawi lake tangu sijahamia, wala halilii. Mti unajua nini nisichokijua?

Mhandisi mstaafu: Marahaba. Wewe umekata nyuzi, mti haukati. Kwenye panda, pale tawi linapoachana na shina, nyuzi za shina na za tawi zimesukana kama ukili. Tena kona yake imeviringwa. Kwenye kona kali ndipo mzigo hulundikana na ufa huanza. Mwanafizikia Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, amefanya kazi miaka mingi juu ya umbo hilo la kona za miti, na wahandisi huliiga kwenye vyuma. Ila kwa mbao, kwa nini uige? Kwenye msitu wa Hooke Park, Uingereza, wanafunzi wa chuo cha usanifu majengo cha Architectural Association walichukua panda 20 za miti ya beech, wakazipima kwa skana, mkono wa roboti ukachonga sehemu za kuungia tu. Likatoka tao la kubeba paa la ghala, 2016.

Mjukuu wa jahazi: Roboti sawa, lakini babu yangu Lamu alikuwa na macho tu. Taruma la jahazi, ule ubavu wake, alilitafuta kwenye mti uliojipinda wenyewe. Na nyumba zetu za udongo, mwamba, boriti ya kubeba paa, si unakaa kwenye panda ya nguzo, umefungwa kamba basi? Angalia kitu kimoja, ndugu: panda iliyobana kama V, gome limemezwa katikati, hiyo itakuchania mchana kweupe. Chukua iliyo kama U.

Seremala_wa_Bwagamoyo: Nimetoka kwa muuza nguzo. Ananicheka, nanunua zile zenye panda anazozitenga kwa kuni. Kati ya saba, mbili zilikuwa na gome ndani, nimemwachia. Shida sasa hakuna mbili zinazolingana urefu, na mwamba wangu umenyooka. Nimeamua panda nisiiguse kabisa, nakata miguu ya nguzo zilingane.