Makumbusho ndani ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe: mwenye kiti mwendo, asiyeona na kiziwi wataingiaje?

Mkusanyaji_Unguja

Salaam wanajukwaa. Nyumba ni ya mawe na chokaa, Mji Mkongwe, ina ghorofa moja. Chini tumeweka vyombo vya jikoni na vya baharini, juu kanga za zamani na hati za Kiarabu.

Vipimo ndivyo hivi. Mlango mkuu wa nakshi una ngazi tatu, jumla sm 48, na uchochoro ulio mbele yake una upana wa mita 2.4. Mlango wa uani una ngazi moja ya sm 14, sakafu ya ndani iko sawa na ngazi hiyo, ila kuna kizingiti kilichoinuka sm 6. Mbao zote mbili zikifunguliwa uwazi ni sm 92. Ukifungua moja tu ni sm 46. Nje ya mlango huo uwanja unaenda mita 6 kabla ya ukuta wa jirani. Choo ni cha kuchuchumaa.

Skuli moja inaleta wanafunzi 28 baada ya wiki tano. Wawili wanatumia viti mwendo, wanne ni viziwi, watatu hawaoni, wawili wana ualbino. Fundi anataka kumwaga zege mlango mkuu. Tumwache amwage? Na hao wengine tuwaandalie nini?

---

fundi_chokaa

Mzuieni huyo fundi leo leo.

Hesabu kwanza. Mteremko wa kiti mwendo usizidi 1 kwa 12, yaani kila sm 1 ya kupanda inahitaji sm 12 za urefu. Sm 48 mara 12 ni mita 5.76. Juu yake mbele ya mlango panahitajika kituo bapa cha mita 1.5 kwa 1.5 ili mtu asimame bila kurudi nyuma. Kwenye uchochoro wa mita 2.4 mnabaki na sm 90 za kupita vespa, mikokoteni na jirani mwenye godoro kichwani. Haiwezekani. Fundi akisema inawezekana, ujue atafanya 1 kwa 5, na huo si mteremko, ni mtego: kiti kinapinduka kwa nyuma kikipanda, na kikishuka hakishikiki.

Pili, zege likigusana na ukuta wa mawe ya matumbawe linaziba njia ya unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayapati pa kutokea, yanatafuta juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na ukuta unaanza kumenyeka sm 50 au mita moja juu ya zege. Lawama itaipata chokaa, ilhali kosa ni la saruji.

Tumieni mlango wa uani. Kutoka chini hadi juu ya kizingiti ni 14 + 6 = sm 20. Kwa 1 kwa 12 ni mita 2.4, lakini nafasi mnayo, kwa hiyo fanyeni 1 kwa 15: mita 3 za mteremko, mita 1.5 za kituo mlangoni, inabaki mita 1.5 ya kugeuzia kiti chini. Mita 6 kamili. Mtoto anayejisukuma mwenyewe ataihisi tofauti kati ya 12 na 15 mabegani.

Utengenezwe kwa mbao, usimame wenyewe, usifungwe ukutani kwa chochote:

Upana mita 1.2. Mbao za unene wa inchi 2, zilazwe kukata njia. Zikienda sambamba na safari, gurudumu dogo la mbele litazama kwenye mwanya. Mwanya kati ya ubao na ubao uwe sm 1, maji ya mvua yapite. Boriti za chini kila sm 40. Miguu ikae juu ya matofali yenye kipande cha mpira chini yake, na muache sm 5 kati ya mteremko na ukuta ili ukuta upumue na ufagio upite. Pembeni wekeni ukingo wa sm 10 ili gurudumu lisichomoke, na mkono wa kushikilia pande zote mbili, kimo cha sm 90. Skrubu ziwe zilizopakwa zinki. Za kawaida zinaliwa na chumvi ya bahari mapema mno.

Msitumie bamba la chuma kwa sakafu ya mteremko. Saa saba mchana linaunguza, na likilowa linateleza hata lenye manundu.

Makosa mawili yanayorudiwa kila mahali: la kwanza ni ncha ya chini. Ubao wa inchi 2 ukiishia wima unaacha kidato cha sm 5, na magurudumu madogo yanagoma hapohapo. Ichongwe iwe nyembamba, au mpigilie kipande cha bati nene pale tu. La pili ni ndani. Mtu akishavuka kizingiti anashuka sm 6, kwa hiyo panahitajika kipande kingine cha sm 72. Lakini mbao za mlango wenu bila shaka hufunguka kwa ndani, zitakigonga. Kwa hiyo hicho kiwe cha kunyanyua: fungua mlango, zishike mbao zote mbili kwa ndoana zisirudi, kisha kiweke. Kiwe na miguu miwili ya kuingia kwenye mfereji wa kizingiti au pedi ya mpira, kisiteleze.

Kabla ya kununua hata msumari, peleka mchoro wenye vipimo Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kitu kinachoweza kuondolewa bila kuacha alama ni rahisi kukitetea kuliko zege.

---

Nundu6

Naongezea hapo kwa fundi: mlango wa uani ukishawekwa mteremko, wanafunzi wote 28 wapite huko. Mkiwatenga wawili kwenda "nyuma" wakati wenzao wanapigwa picha kwenye mlango wa nakshi, mmewakaribisha nusu.

Sasa wasioona. Jikoni kwenu ndiko kwenye utajiri: kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kata, chungu, pakacha. Vingi bado vinauzwa sokoni. Nunueni vipya vya kushikwa, vile vya zamani vibaki kabatini. Meza iwe na uwazi wa sm 70 chini ili magoti ya mwenye kiti mwendo yaingie, uso wake usizidi sm 80. Glavu msizitumie, zinaua hisia ya vidole. Mikono ioshwe na kukaushwa, inatosha. Meno ya mbuzi yafunikwe kwa kitambaa kwanza na mtoto aambiwe yako upande gani kabla hajanyoosha mkono.

Mlango wa nakshi nao ni maonyesho ya kugusa yaliyokwisha tengenezwa. Mkono wa mtoto mmoja mmoja ufuate mnyororo kwenye fremu, maua, mawimbi, kisha mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili.

Maelezo ya mdomo yana mpangilio wake. Jina, ukubwa kwa kipimo cha mwili, kimetengenezwa na nini, umbo kutoka chini kwenda juu, mwisho kazi yake. "Kinu. Kinafika gotini. Mti mmoja uliochongwa ndani. Chini kimetanuka, kiunoni kimebanwa." Sekunde 60 hadi 90 kwa kitu kimoja. Mwongozaji akisema "kama mnavyoona hapa", ameshawapoteza watatu.

Nukta nundu (maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole): msikimbilie kuandika kila kitu. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida hutoka kurasa mbili hadi tatu za nundu, na si kila asiyeona anaisoma. Andikeni majina ya vyumba na vitu kumi vya meza ya kugusa, basi. Kadi ilazwe kwenye ubao ulioinama, isibandikwe ukutani wima maana kiganja kinapinda vibaya. Karatasi iwe nzito, zihifadhiwe zikiwa zimesimama. Mkizirundika moja juu ya nyingine nundu zinalala, na unyevu wa pwani unamalizia kazi.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza, halafu watu hudhani kofia imemaliza tatizo. Uwanjani wekeni turubai pale watakaposubiri. Ndani, tatizo ni kioo cha kabati kinachoakisi dirisha: simama mbele ya kila kabati kwa kimo cha mtoto, ukijiona uso wako, pazia linahitajika. Lebo iwe na herufi za ukubwa wa 18 hadi 24, nyeusi juu ya krimu, bila picha nyuma yake. Kamba ya kuzuia wageni isiwekwe mbali kiasi cha kumzuia mtu kusogeza uso hadi kwenye lebo. Pia chapisheni maandishi yote kwenye karatasi za kushika mkononi, na waruhusiwe kupiga lebo picha kwa simu wakuze wenyewe.

Kanga na hati zinataka mwanga hafifu, lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), zisipauke. Msiongeze taa juu ya kitambaa ili lebo isomeke. Toeni lebo hatua moja pembeni, ipate taa yake ndogo.

---

AlamaMikono

Kwa viziwi wanne: ulizeni skuli watoto wanatumia alama zipi na kama wanakuja na mwalimu mkalimani. Lugha ya Alama ya Tanzania si ile ya Kenya, msichukue video ya mtandaoni tu kwa kuwa imeandikwa "Kiswahili". Mkalimani mmoja hawezi kufanya ziara ya saa moja na nusu peke yake. Baada ya dakika 20 hadi 30 makosa huanza, kwa hiyo wawe wawili wa kupokezana. Wapeni orodha ya maneno wiki moja kabla. Kifumbu, dema (mtego wa samaki), mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba), tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo): mkalimani akikutana nayo ghafla atatamka herufi moja moja kwa vidole na watoto watatazama vidole badala ya kitu.

Mkalimani asimame kando ya mwongozaji, nyuma yake ukuta mtupu. Akisimama mbele ya dirisha anakuwa kivuli. Na hapa ndipo waongozaji wengi huharibu: kiziwi hawezi kutazama kitu na mkalimani kwa wakati mmoja. Eleza, nyamaza, waache watazame kwa utulivu, ndipo uendelee. Ukisema huku unaonyesha kwa kidole, watachagua kimoja.

Mkitaka kurekodi video, aliye mbele ya kamera awe kiziwi mwenyewe anayejua lugha yake. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, wanaweza kuwaelekeza kwa watu. Nguo ya rangi moja inayoachana na ngozi, picha kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, mikono isikatwe pembeni. Maandishi ya chini yawe sentensi fupi, maana Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili kwa wengi wao. Video iwekwe ndani ya tableti, msitegemee intaneti katikati ya kuta za sm 50.

---

Mkusanyaji_Unguja

Ahsanteni sana, zege limesimamishwa. Yamebaki mawili. Vijana wetu wanasema watawabeba wale wawili hadi juu, ngazi si nyingi. Na choo tufanyeje ndani ya wiki tano?

---

fundi_chokaa

Kubeba, hapana. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba, vidato havilingani, na anayebeba haoni mguu wake. Akiteleza wanaanguka wote. Na moto ukitokea, nani atamshusha?

Hamisheni kitu chenyewe. Chagueni kanga tatu na hati moja zishuke chini kwa wiki hiyo, kwenye kabati lisilopigwa na jua, zilizobaki ziwe picha kubwa kwenye tableti. Kundi zima lione za chini kwanza.

Choo: wiki tano zinatosha kwa cha muda. Kiti cha choo cha fremu ya chuma, kinachokaa juu ya tundu, kimo sm 45 hadi 48, miguu yenye mpira. Vyuma vya kushikilia msivipigilie ukutani: jiwe la matumbawe na chokaa havishiki skrubu ya kubeba uzito wa mtu, itachomoka na kipande cha ukuta. Viwe sehemu ya fremu hiyohiyo inayosimama sakafuni. Mlango ufunguke kwa nje. Pimeni kama kiti kinaingia na kugeuka ndani, mita 1.5. Kisipogeuka, mwambieni mwalimu sasa, msimwambie siku ya ziara, na mtafute choo kingine cha karibu.

---

Nundu6

Kuhusu kumwambia mwalimu: mtumieni ujumbe mmoja wenye namba. Gari linaishia wapi na ni mita ngapi hadi mlangoni, njia ni ya mawe au lami, mteremko 1 kwa 15, mlango sm 92, choo kikoje, juu hakufikiki. Na aulizwe kama hivyo viti ni vya kawaida au ni baiskeli za kupiga pedali kwa mikono. Zile ni ndefu na pana, hazigeuki kwenye mita 1.5. Kama ni zenyewe, tafuteni viti viwili vya kuazima vya ndani, na kivuli cha kuegesha baiskeli uwanjani.