Nimekosa mtihani wa nadharia wa leseni hapa Uingereza, hela ndo imeenda?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu salaam. Nimejifanyia kituko jamani. Nilibuku mtihani wa nadharia saa nne na robo asubuhi, usiku wake nikaingia shifti nikajisemea nikitoka naunganisha moja kwa moja, nikapita geto mara moja nibadili nguo. Nikakaa kwenye kochi nivue viatu. Kimoja nikavua, cha pili nakuja kushtuka bado kipo mguuni na saa inasoma tano kasoro. Pauni 23 hizo. Sasa hapa nahesabika nimefeli au vipi, na hela inarudi? Kinachoniuma nyumbani nimeendesha miaka tisa, ile miezi 12 ya kutumia leseni ya kwetu ishaniishia, na bila kupasi huu hata wa barabarani siwezi kubuku.

Babu_Gia:
Pole mkuu, ila hicho kiatu nimecheka peke yangu kwenye basi. Hujafeli, we hukutokea tu, ila hela sahau, unabuku upya na kulipa tena. Ukitaka kukansel au kusogeza tarehe bila kuliwa hela wape siku 3 kamili za kazi, na siku unayokansel haimo wala siku ya mtihani yenyewe haimo. Yani mtihani ukiwa Ijumaa mwisho wako ni Jumatatu, Jumanne ushachelewa. Jumapili na sikukuu usizihesabu, hapo ndo wengi wanaumia.

Zamu_ya_Usiku:
Duh. Na ningekuwa naumwa je?

Mama_Wawili:
Hapo unawaandikia na barua ya daktari, wenyewe wanaamua. Usingizi sio ugonjwa mdogo wangu 😂 Wakiahirisha wao ndo unapewa tarehe nyingine bure. Yangu mimi ilikuwa mbaya zaidi, nilifika nusu saa kabla, naulizwa kadi ya leseni ya lena, kumbe iko kwenye koti la mvua nimeliacha linaning'inia mlangoni nyumbani. Nikaonyesha picha kwenye simu, yule dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma kabisa halafu akatikisa kichwa. Wanataka kadi yenyewe. Nikarudi na dereva yule yule aliyenileta, akaniuliza tayari?

Babu_Gia:
😂😂 Na ukibuku tena ingia tovuti ya serikali yenyewe, usifuate lile tangazo la juu kabisa ukigugo, wale wanakutoza hela ya ziada kwa kazi unayoweza kujifanyia mwenyewe. Halafu hiyo miaka tisa isikudanganye. Maswali 50 kwa dakika 57 unatakiwa upate 43, hayo ukisoma unatoboa. Shida ni zile video 14 za kuona hatari inakuja, unatakiwa 44 kati ya 75. Mimi kwa uzoefu wangu nikawa nabonyeza kila kitu, paka, mtoto, baiskeli, klipu ikaisha mashine inaniambia nimebonyeza hovyo, sifuri. Fanya mazoezi ya video kwanza.

Zamu_ya_Usiku:
Shukrani sana. Nimebuku Jumanne ijayo saa tisa mchana, siku yangu ya ofu, na kadi nimeshaitumbukiza ndani ya kiatu.